Komeo la Nje

"Sikuulizi nani kamuua," alisema Kupe. "Nakuuliza ulikiundaje."

Kichomeo kililala juu ya benchi, kwenye ua wa nyuma wa kituo cha polisi, kimefungwa kibandiko cha ushahidi shingoni. Kwa mtu asiyejua, vilikuwa vipande vya bomba la maji vilivyounganishwa na mtu mwenye muda mwingi. Aliyekiunda alikaa upande wa pili wa benchi, pingu mikononi. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imemtoka, na mtaa mzima ulimwita Bomba tangu hajaota ndevu.

Kupe nalo halikuwa jina la kuzaliwa. Wenzake kazini ndio waliompa mama huyu mfupi wa makamo, kwa sababu akishang'ata jambo habanduki mpaka ashibe. Mwanzoni walimwita hivyo kwa siri. Siku hizi hata mkuu wa kituo alisahau na kumwita hivyo mbele ya wageni.

Kisa chenyewe kilionekana chepesi. Juzi, fundi vyuma aliyeitwa Cheche alikutwa amekufa katika karakana yake, mbele ya tanuri, bila kuungua hata unywele. Daktari alisema alivuta ile hewa mbaya inayozaliwa moto unapowaka mahali pasipo na upepo wa kutosha. Haina harufu wala moshi. Inamlewesha mtu polepole, kichwa kinakuwa kizito, miguu inakataa, anakaa chini apumzike kidogo na hainuki tena. Kichomeo kilichowaka siku hiyo kilikuwa kimeundwa na mdogo wake, huyu Bomba. Basi mkuu wa kituo alikuwa na jibu: uzembe uliosababisha kifo, na jalada liende kwa mwendesha mashtaka jioni hii hii.

Mtaa ulikuwa na jibu lake lingine. Wiki iliyopita lango la shule liliachia bawaba zake likamwangukia mlinzi, na mlinzi akafa palepale. Kila mtu alijua lango lile lilitoka karakana ya Cheche. Kwa hiyo wapo walionong'ona kwamba fundi alijifungia na moto wake kwa aibu.

Kupe hakuwa na jibu. Alikuwa na benchi, kichomeo, na mtu asiyependa kusema.

"Ni kazi ya siku moja," Bomba alisema mwishowe. "Ukijua."

"Mimi sijui."

Bomba alikitazama kichomeo kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyesingiziwa wizi. "Hiki ni kipande cha bomba la maji. Kichwani nimefunga hii kofia pana, ile ya kuunganishia bomba nene na jembamba. Hewa inaingilia hapa. Katikati ya mdomo nimekatisha kijibomba cha shaba, mwisho wake nimeuziba, halafu nikatoboa tundu moja linalotazama ndani. Nilitumia ncha ndogo kuliko zote. Uzi wa kushonea haupiti."

"Kwa nini dogo hivyo?"

"Umewahi kumwagilia maua, ukaziba mdomo wa mpira kwa kidole? Maji yanaruka mbali. Gesi nayo ukiibana inatoka kwa kasi, na ile kasi inaburuta hewa iingie nayo. Huhitaji feni, huhitaji mvukuto. Gesi yenyewe ndiyo mvukuto."

"Na tundu likienda upande?"

"Moto unalala upande, unakuwa wa njano, unatema sumu. Ndiyo maana niliharibu vijibomba vingi kabla ya hiki. Kaka alikuwa ananicheka. Anasema, mdogo wangu, unatoboa filimbi au kichomeo? Hili lilikaa katikati. Moto wake ni wa bluu, Afande, mpaka kwenye ncha. Naapa."

Konstebo aliyekuwa akipita na ndoo aliingilia. "Si mngebaki na mkaa tu?"

"Mkaa unapasha chuma, unapasha na mwenye chuma," Bomba alimjibu bila kugeuka. "Kaka kifua chake kilikuwa kimechoka na vumbi la mkaa. Nilimuundia hiki apumue."

Kupe alimfungua pingu, akamsogezea kichomeo. "Nionyeshe kinavyozimwa."

Nyuma kabisa, mahali mpira wa gesi ulipofungwa, palikuwa na vali ndogo ya shaba yenye mkono mwekundu. Bomba aliushika mkono ule kwa vidole viwili, kama mtu aliyeuzoea. Haukusogea. Alitumia ngumi. Haukusogea. Uso wake ulibadilika.

"Nani kaishika hii?"

"Hakuna. Imeletwa kama ilivyokutwa."

"Nipe spana."

Alipoifungua vali katikati, akaigonga juu ya benchi, ilidondoka gololi ya chuma iliyogandamana na kitu cheupe kama nta ya mshumaa. Ilikuwa plastiki inayoizunguka gololi ndani ili isivuje. Ilikuwa imeyeyuka, ikaganda, ikaing'ata gololi pande zote.

"Hii imekaangwa," Bomba alisema taratibu. "Kaka amefanya kazi nayo tangu mvua zilipoisha, na vali ilikuwa inapata joto la kawaida tu, unaishika kwa mkono mtupu. Mlango ukiwa wazi, joto la tanuri linatoka nje. Ili plastiki iyeyuke huku nyuma, lazima joto lilirudi ndani likakaa. Likakaa sana." Aliinua macho. "Afande, mlango ulifungwa."

"Jirani yenu, fundi wa matairi, ameandika maelezo kwamba alirudi toka kwa mteja akaukuta mlango wazi."

"Kiraka aliukuta wazi," Bomba alisema. "Moto uliukuta umefungwa."

Kupe alikitazama kile kipande cha plastiki. Kisha akatazama dirisha la mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa kwenye kikao, na vikao vyake havikuwa na haraka. Akakitia kichomeo kwenye mfuko, akamshika Bomba mkono, wakatokea lango la nyuma. Hakuaga mtu. Alijua akiomba ruhusa atanyimwa, na mtu aliyenyimwa ana kosa kubwa kuliko aliyesahau kuomba.

*

Karakana ya Cheche ilikuwa kontena kuukuu la meli, lililotua kwenye kiwanja cha mafundi, nyuma ya barabara ya malori. Bawa moja la mlango lilikuwa limechomelewa lisifunguke. Bawa la pili ndilo lililotumika, na kwa nje lilikuwa na komeo ambalo Cheche alilifua mwenyewe baada ya kuibiwa: chuma cha mviringo, kinene kama mpini wa jembe, kinachoteleza na kuzama kwenye pete mbili. Ukutani kwa nje, ndani ya kizimba cha nondo, ulisimama mtungi wa gesi. Mpira wake ulipenya ukuta kupitia tundu lililotobolewa karibu na ardhi. Cheche hakutaka mtungi na moto vilale chumba kimoja.

Ubavuni mwa kontena palikuwa na banda la Kiraka. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mikono myeusi ya mpira na sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Alipowaona aliacha tairi lake.

"Karibu, mama. Bomba, ndugu yangu! Wamekuachia?" Alimkumbatia Bomba kwa mkono mmoja, akamletea maji kwenye kikombe cha bati. "Kunywa. Umekonda. Na wewe hukuwa na cha kukonda."

Bomba alikunywa. Kupe aliomba ufunguo wa kufuli, ambao mjane aliuacha kwa Kiraka, akavuta komeo, wakaingia.

Ndani palikuwa na fuawe, jiliwa la kubania vyuma, koleo zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, na tanuri la matofali ya kuhimili moto, dogo, lenye mdomo kama wa chungu. Kwenye msumari lilining'inia shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shemeji alisema alikuwa na safari ya shuleni mchana ule," Bomba alisema. "Kamati ya lile lango ilimwita. Alivaa nguo za kazi, akasema atabadili akimaliza pau moja ya chuma."

"Alitaka kwenda kuomba radhi?"

"Kaka? Alisema anakwenda kusema neno moja tu. Hakuniambia neno gani."

Mtu anayetaka kufa kwa aibu hapigi shati pasi. Kupe aligeuka akamulika mlango kwa tochi ya simu. Upande wa ndani, juu ya kutu ya miaka mingi, palikuwa na mabonde madogo yanayong'aa. Yalikuwa mapya, ya duara, ukubwa wa uso wa nyundo. Ya kwanza yalikuwa usawa wa kifua. Mengine yalikuwa chini kidogo, usawa wa kiuno. Ya mwisho yalikuwa karibu na sakafu, mepesi, yamekwaruza tu.

Bomba aliyafuata kwa kidole mpaka akajikuta amepiga magoti.

Kupe alipiga picha, akapima kwa tepu. "Mtu hagongi mlango ulio wazi," alisema. Kivuli kilipita mlangoni: Kiraka alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi, akisubiri kikombe cha pili au sababu ya kusimama.

"Mnahitaji kitu, mama?"

"Tufungulie mtungi. Nataka kukisikia hiki kichomeo."

"Lakini hicho si ndicho..."

"Fungua tu, baba."

Bomba alitoa vali nyingine kwenye rafu, akazizungushia hesi zake za kufungia mkanda mweupe wa kuzuia gesi isivuje, akaifunga mahali pa iliyoharibika. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, akasubiri aone kama litatoa mapovu. Hayakutoka. Akakizamisha kichomeo kwenye tundu la ubavuni mwa tanuri, akawasha karatasi, akaitia ndani kwanza, ndipo akafungua gesi. Moto ulishika kwa kishindo, ukakohoa, kisha ukatulia kuwa ngurumo moja isiyokatika. Ulikuwa wa bluu mpaka kwenye ncha.

"Kwa nini asione mlango ukifungwa?" Kupe aliuliza.

Bomba alionyesha sikio. Hakuwa amesikia.

Kupe alimsogelea, akapiga kelele. "Giza! Asingeona giza likiingia?"

"Alikuwa anaurudisha mwenyewe, anauachia mwanya wa kutolea joto tu! Rangi ya chuma haisomeki kwenye mwanga! Chekundu, cha chungwa, cha manjano, kila kimoja kina kazi yake! Unampa mlango mgongo, unatazama chuma tu!"

"Kwa hiyo mtu angeusukuma kidogo..."

"Asingesikia!"

Kupe alitikisa kichwa kukubali. Ndipo alipogundua kwamba anauona uso wa Bomba kwa mwanga wa tanuri peke yake.

Aligeuka. Mlango ulikuwa umefungwa.

*

Bomba alizima gesi. Vali mpya ilitii. Ngurumo ilipokufa walisikia pumzi zao, na matofali yakilia kwa joto. Kupe aliusukuma mlango kwa bega. Aliusukuma tena, na Bomba akiwa ubavuni mwake. Chuma hakikuwapa hata ufa.

"Kiraka!" Bomba aliita. "Kiraka, mlango umejifunga!"

"Komeo halijifungi," Kupe alisema.

Simu yake haikuwa na mtandao. Alizunguka nayo kila kona, akaiinua darini, akaishusha sakafuni. Walikuwa ndani ya sanduku la chuma, na jua la mchana lilikuwa juu ya paa. Bomba alichukua nyundo akaanza kugonga. Gonga la kwanza halijatulia masikioni, nje ikawaka ile mashine ya Kiraka ya kujazia matairi upepo. Ilinguruma sambamba na ukuta, na kila gonga likamezwa. Barabarani, anayepita angesikia kelele za fundi matairi akiwa kazini, basi.

Bomba alishusha nyundo. "Alimfanyia hivi hivi."

"Ndiyo."

"Alikuwa rafiki yake. Walikula sahani moja."

"Nani anajua tuko hapa?" Kupe alijiuliza kwa sauti, na jibu alikuwa nalo. Hakuna. Ujanja wa kutoroka lango la nyuma sasa ulikuwa umemkalia shingoni. Mkuu akitoka kwenye kikao atakuta mahabusu hayupo na mpelelezi hayupo, na kwa namna alivyo atatuma watu stendi na njia panda, si kwenye karakana ya marehemu.

Jasho liliwatiririka. Tanuri lililozimwa bado lilikuwa jekundu tumboni, likiwapumulia usoni. Kupe alipapasa mlango. "Hili komeo limeshikwa na nini?"

"Pete mbili, bolti nne. Zimepenya mpaka ndani. Nati ndizo hizi, ila kaka alizichomelea, mwizi asizifungue." Bomba alizishika moja moja. "Zikipashwa mpaka manjano, patasi inazikata kama muhogo. Bolti inasukumwa nje, pete inadondoka."

"Zipashwe na nini?"

Wote wawili walikuwa wanakitazama kichomeo.

"Mlango umefungwa," Kupe alisema.

"Najua."

"Ni ile ile hewa."

"Najua, Afande. Lakini kaka hakujua kama anakunywa sumu. Sisi tunajua." Alikuwa ameshakichomoa kichomeo kwenye tanuri. "Mpira unafika. Wewe lala chini pale mpira unapoingilia, tundu lina nafasi pembeni, weka pua yako pale. Ukiona nimeyumba, nivute mguu."

"Na wewe utapumulia wapi?"

"Mimi nitafanya haraka."

Kupe alilala kifudifudi kwenye vumbi la chuma, mdomo kwenye tundu. Hewa ya nje ilikuja kwa uchache, yenye harufu ya mpira mbichi. Juu yake moto ulishika tena, na kontena likajaa ile ngurumo. Bomba aliushikilia ulimi wa bluu kwenye nati ya kwanza. Ikawa nyeusi, ikawa nyekundu ya damu, ikawa ya chungwa. Akaweka patasi, akapiga. Nati ikaruka. Akahamia ya pili. Alikuwa anahesabu kitu midomoni, au anasali.

Ya pili ilipokatika, mashine ya upepo ilizimwa nje. Rangi ya mlango ilikuwa imeanza kuchemka kwa nje, na mtu alikuwa ameiona.

Hatua zilikuja mbio. Sauti ya Kiraka ilitokea pale pale kwenye tundu, karibu kiasi kwamba Kupe alisikia anavyohema.

"Mnafanya nini humo? Zimeni huo moto! Mtakufa!"

"Fungua mlango."

"Mama, nipeni muda kidogo tu niondoke. Nikifika mbali nitapiga simu, mtafunguliwa. Sina nia mbaya na nyinyi. Zimeni!"

"Hatuzimi. Tunatoka."

"Hamtoki! Nyinyi hamkijui hicho! Kikishashika joto hakizimiki, vali inakwama, mtahangaika nayo na spana mpaka mchoke!"

Kupe alifumba macho. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kujaa pamba, lakini neno lile lilipita katikati ya pamba kama sindano. Maelezo ya Kiraka aliyajua kwa moyo: nilikwenda kwa mteja mwenye pancha, niliporudi nikakuta mlango wazi na rafiki yangu amelala. Vali iliyokwama waliigundua asubuhi ile, kwenye ua wa kituo, yeye na Bomba. Hapa hawakuitaja hata mara moja.

Alisubiri mpaka Kiraka akavuta pumzi.

"Nani alikwambia vali ilikwama?"

Nje, kiatu kilisugua mchanga.

"Maiti haizungumzi, baba. Cheche alikwambia akiwa hai. Alilala hapa nilipolala mimi, akakwambia kwenye tundu hili. Hukwenda kwa mteja yeyote."

"Nilidhani ananidanganya." Sauti ilikuwa imepungua. "Nilidhani anataka nifungue tu."

"Mtungi uko upande wako. Ungeuzungusha mkono wake mara moja."

"Nilidhani ananidanganya, mama!"

Juu, patasi ilianguka ikalia sakafuni. Bomba alikuwa ameegemea mlango, kichomeo kikining'inia mkononi, ulimi wa bluu ukilamba hewa. Aliinama kutafuta patasi, akakosa, akapapasa kama kipofu. Kupe alimshika kifundo cha mguu, akageuza kichwa kwenye tundu.

"Sikiliza. Mdogo wake anaanguka. Mimi sina nguvu ya kumbeba, na sitaizima hii vali. Mtungi uko huko kwako tena, kama juzi. Sasa huwezi kusema ulidhani."

Hapo alidanganya kidogo. Mkono wake ulikuwa tayari umeushika mpira, akijivuta kuifuata vali. Lakini hakufika. Moto ulipungua, ukawa wa njano, ukawa kidole, ukazimika wenyewe. Nje, kizimba cha nondo kilitikisika. Kiraka alikuwa ameufunga mtungi.

Kupe alimburuta Bomba kwa kola mpaka chini, akambandika uso kwenye tundu. Bomba alikohoa, akatapika maji aliyopewa, akakohoa tena.

"Fungua na mlango," Kupe alisema.

"Siwezi."

"Kwa sababu ya lango la shule?"

Kiraka alianza kulia, kilio cha mtu mzima asiyezoea. Lango alilichomelea yeye. Cheche alikuwa amesafiri, kazi ikaja, naye akaitumia mashine ya rafiki yake bila kumwambia, akidhani kuchomelea ni kuchomelea tu. Bawaba hazikushika vizuri. Mlinzi alipokufa, Cheche alivitazama viungo vilivyochomelewa akajua si mkono wake, na akajua ni wa nani. Alimwambia Kiraka: twende wote kwenye kamati ukaseme mwenyewe, usipokwenda nitasema mimi.

"Nilitaka akose kile kikao tu," Kiraka alisema. "Kikao kiahirishwe, nipate siku ya kufikiri. Nikasukuma komeo. Alipoanza kugonga nikawasha mashine watu wasisikie. Akaja hapa kwenye tundu, akasema vali imekwama, fungua. Nikasema ni ujanja. Nilipokuja kufungua..."

"Fungua sasa."

"Bomba ataniua."

"Nipo mimi."

"Wewe ni mfupi, mama. Bomba ana nyundo. Aseme mwenyewe. Aseme hatanigusa."

Kupe alimtazama Bomba. Macho yalikuwa mekundu, na mkono wa kulia kweli ulikuwa umeikuta nyundo gizani, umeushika mpini. Hakuna cheo, hakuna sheria, hakuna kitu ambacho Kupe angeweza kumwamuru mtu huyu kwa wakati ule. Zilibaki nati mbili, na hewa haikutosha kwa hata moja. Wote watatu walikuwa wamefungiwa, mmoja wao nje.

"Mdogo wangu," alisema. "Nakuomba."

Bomba aliilaza nyundo sakafuni. Kisha akausogeza mdomo kwenye tundu.

"Fungua," alisema. "Fungua, Kiraka. Sitakugusa."

Komeo liliteleza. Mwanga uliingia kama maji.

*

Kiraka alikuwa amekaa chini, ameegemea kizimba cha mtungi, mikono imelala mapajani. Hakujaribu kukimbia. Kupe alimtia pingu, akamrudisha kwa sauti kwenye kila neno alilosema tunduni, hatua kwa hatua, na Kiraka akakubali moja baada ya jingine, kama mtu anayekubali kupakua mzigo. Ndipo Kupe akajikongoja mpaka simu iliposhika mtandao.

Mkuu wa kituo alianza kwa matusi. Alitaka kujua mahabusu wake yuko wapi.

"Ninaye," Kupe alisema. "Ila si yule uliyeniachia. Leta gari, na daktari."

Bomba alikuwa amelala chali juu ya mchanga, akivuta hewa kwa mdomo wazi. Baadaye alijiinua, akaenda kusimama mbele ya Kiraka. Kupe alisogea katikati, lakini Bomba alikunja miguu yake mirefu akachuchumaa tu. Mikono ilikuwa mitupu.

"Aliniita?" aliuliza. "Kaka. Alipokuwa anagonga, aliniita?"

Kiraka alitikisa kichwa kukataa.

"Alimwita mkewe?"

"Hapana." Kiraka alizitazama pingu. "Aliniita mimi. Mwanzo mpaka mwisho, mimi tu. Alijua nipo."

Bomba aliinuka. Alikwenda akasimama nyuma ya kontena, upande ambao hakuna mlango, akakaa huko mpaka gari lilipofika.